Dumu la Lita Tano

Kutoka Chimala, ukiiacha barabara kuu ya Mbeya na kushika njia ya Matamba, unaanza kupanda mlima ambao watu wameupa jina la hesabu: Hamsini na Saba. Ndiyo idadi ya kona zake. Chini unaliacha bonde la Usangu, lenye joto na mashamba ya mpunga. Juu unaipokea baridi ya Makete, viazi mviringo na pareto, na ukiendelea mbele zaidi unaufikia uwanda wa Kitulo, kiasi cha meta 2,600 juu ya usawa wa bahari. Nimeupanda mlima huo mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na kila nikiifikia kona ya kwanza hunijia akilini dumu moja la lita tano. Habari ya dumu hilo ndiyo nitakayoisimulia hapa, ingawa hainipi sifa.

Nilistaafu ualimu mwaka 2007. Kwa kiinua mgongo changu nilinunua pikapu kuukuu aina ya Toyota Land Cruiser, ya dizeli, injini ya lita 4.2 na silinda sita. Biashara yangu ilikuwa viazi. Kupanda, gari lilibeba mbolea, chumvi, sabuni na watu wawili watatu. Kushuka, lilibeba magunia ya viazi. Usukani nilimkabidhi mdogo wangu wa mwisho, kitinda mimba wa mama yetu, kijana mpole asiye na maneno mengi. Mimi nilishika daftari. Mwalimu hata akistaafu haachi kusahihisha, basi nikawa nasahihisha safari. Kila wiki tuliweka lita 60 za dizeli, na kila wiki mita ya gari ilisoma kilometa 420, ikizidi au kupungua kidogo. Kilometa saba kwa lita. Hesabu ilikaa sawa kwa zaidi ya mwaka mzima, nami nikaizoea kama mtu anavyozoea mapigo ya saa ya ukutani.

Masika ya mwaka 2009 yaliharibu njia. Malori yalichimba mitaro miwili mirefu katika tope, na pikapu yetu ilipoingia humo, lile bufuru la chuma lililo katikati ya ekseli, ambamo difu hukaa, lilikuwa likiburuza tumbo juu ya tuta la katikati. Mara mbili katika mwezi mmoja tulichimbua gari kwa majembe, usiku, mvua ikitupiga. Nikaamua kulinyanyua. Nilisafiri hadi Dar es Salaam, na mwuzaji mmoja wa matairi yaliyotumika akanipatia matairi manne makubwa, 315/75R16, pamoja na rimu zake pana. Ya zamani yalikuwa 235/85R16. Nilimwuliza kama kuna kitu kingine cha kubadilisha. Akacheka, akasema, "Mzee, funga, tembea."

Nikisema kweli yote, si tope peke yake lililonipeleka Dar es Salaam. Nilipenda gari linavyosimama. Lilipopita sokoni Chimala likiwa juu ya magurudumu yale mapana, vijana waligeuka kulitazama, nami niliyekaa upande wa abiria nilijiona si mstaafu tena.

Wiki ya kwanza mdogo wangu alisema, "Kaka, gari limekuwa zito." Nikamjibu kwamba gari halijaongezwa hata gunia moja. Wiki ya pili akasema tena. Nikamwambia atazoea. Wiki ya tatu nilifungua daftari nikaona mita imesoma kilometa 385 kwa lita zilezile 60. Wiki ya nne ikasoma 384. Nilichukua kalamu nyekundu, nikapiga hesabu: kilometa 35 zimepotea, na kwa kilometa saba kwa lita, hizo ni lita tano. Lita tano kila wiki, bila kuzidi wala kupungua. Msomaji, wewe unayeijua nchi yetu unajua lita tano za dizeli hukaa katika nini. Hukaa katika dumu. Na siku hiyohiyo nilipochungulia nyuma ya kiti cha dereva, nililikuta: dumu la njano la lita tano, tupu, likinuka dizeli.

Nilipomwuliza, alisema ni la kuoshea spana. Sikumwamini. Nilinyamaza, nikawa namtazama kwa jicho la pembeni. Halafu mwezi wa pili klachi ikaungua, kona ya ishirini na kitu, gari likiwa na mbolea. Fundi wa pale Chimala akasema klachi imeunguzwa na mguu wa dereva. Hapo nikapata sababu ya kusema yale niliyokuwa nimeyaficha. Nilimkata mshahara wa miezi miwili kulipia klachi, na nikamwambia mbele ya mke wangu kwamba dizeli anayoiuza atafute pa kuichota pengine. Hakubishana. Aliweka ufunguo mezani, akasema, "Nilikwambia gari ni zito, kaka. Hukuniuliza uzito umetoka wapi." Kesho yake akaondoka kwenda Mbarali kuendesha trekta katika mashamba ya mpunga.

Nikaajiri dereva mwingine, mtu mzima mwenye sifa njema. Wiki yake ya kwanza mita ilisoma 385.

Naomba msomaji asinicheke kwa yale niliyowaza usiku ule. Niliwaza kwamba madereva wote ni wezi. Mtu aliyekwisha kutoa hukumu huona ni rahisi kuongeza washitakiwa kuliko kuisoma hukumu yake upya. Nikaamua kufuatana naye mwenyewe, kona kwa kona, ili nimkamate.

Kupanda hatukuzungumza sana. Niliona anavyopambana. Gia ya pili ilikuwa haitoshi na ya kwanza ilikuwa inachemsha injini. Katika kona kali alilazimika kuicheza klachi kwa mguu ili gari lisizimike, na harufu ile niliyomtoza mdogo wangu mshahara ilianza kupanda kutoka sakafuni. Nilimwuliza kwa nini hatumii ile gia ndogo ya magurudumu yote manne, ambayo huongeza nguvu maradufu. Akaitia, na gari kweli likapanda; lakini katika kona zenye udongo mgumu usukani ulikaza na gari likawa linaruka na kugoma, kwa sababu ukitia gia ile magurudumu ya mbele na ya nyuma hufungwa pamoja, na kwenye kona kali hayasafiri umbali sawa. Katika tope ni msaada. Penye ukavu ni mieleka. Tena matairi yale mapana yaligusa springi usukani ulipokatwa hadi mwisho, hivyo kona nyingine ilibidi arudi nyuma kidogo ndipo amalizie.

Kushuka ndiko kulikonifundisha. Tulikuwa na magunia kumi ya viazi. Gari likiwa gia ya pili halikujishika, lilikuwa linakimbia, na dereva akawa hana budi kukanyaga breki kila mara. Baada ya kona kama ishirini nilisikia harufu ya kitu kinachoungua. Kona chache mbele akakanyaga na mguu ukazama. Hakupiga kelele. Alirudisha gia ya kwanza kwa nguvu, injini ikalia, akaliegemeza gari kwenye kingo ya mlima upande wa juu, likakwaruzika hatua kadhaa na kusimama. Magunia mawili yalipasuka. Katika ukimya ule nilisikia viazi vikidunda kuteremka mlima, kimoja kimoja, kona hadi kona, mpaka vikanyamaza. Upande wa pili wa barabara palikuwa na bonde tu.

Niliketi juu ya jiwe nikitetemeka, na jambo moja likanijia: mdogo wangu alikuwa ameshuka mlima huu na gari hili, katika hali hii, kila wiki kwa miezi miwili, na neno lake lote lilikuwa "limekuwa zito."

Breki zilipopoa tulilipeleka gari Mbeya, kwa fundi mmoja mzee aliyeanza kazi hiyo enzi za Land Rover. Hakufungua boneti. Aliyatazama magurudumu, akaniuliza, "Mwalimu, difu umebadilisha?" Nikasema sikubadilisha. Akatikisa kichwa, akaniambia nichukue chaki.

Aliliweka gari gia huru, akayawekea matairi ya mbele vigingi, akanyanyua gurudumu moja la nyuma kwa jeki na kuliacha lingine chini. Akapiga alama ya chaki kwenye tairi lililonyanyuka na nyingine kwenye propela, ule mhimili mrefu unaotoka giaboksi kwenda nyuma. Akaniambia nilizungushe gurudumu mizunguko miwili kamili huku nikihesabu propela inazunguka mara ngapi. Miwili, kwa sababu gurudumu moja likiwa limesimama difu humpa mwenzake mzunguko wa ziada. Nikahesabu: mara nne na kipande kidogo, kama sehemu moja ya tisa.

"Hiyo ni thelathini na saba kwa tisa," akasema. Ndani ya difu kuna gurudumu kubwa la meno liitwalo krauni na dogo liitwalo pinioni. Pinioni yetu ilikuwa na meno 9, krauni meno 37. Ukigawa unapata 4.11. Maana yake propela huzunguka mara 4.11 ili gurudumu la gari lizunguke mara moja. Injini ina haraka na haina nguvu nyingi. Difu huchukua haraka hiyo na kuigeuza nguvu. Ndiyo kazi yake yote.

Kisha akanitaka nipime tairi. Tulikuwa bado na la akiba, la zamani. Tairi hujitaja lenyewe kwa namba zake, na hesabu yake ni ya darasa la saba: 315 ni upana kwa milimeta, 75 ni asilimia ya upana huo iliyo kimo cha ubavu, na 16 ni rimu kwa inchi. Ubavu ni 236. Zidisha mara mbili kwa kuwa kuna wa juu na wa chini. Ongeza rimu ambayo ni 406. Jumla 879. Tairi la zamani kwa njia hiyohiyo lilitoa 806. Nikaona tofauti: milimeta 73. Na kwa kuwa ekseli iko katikati ya gurudumu, nilichokinunua Dar es Salaam kwa kulinyanyua bufuru juu ya tope ni nusu ya hizo. Sentimeta tatu na nusu.

"Gurudumu kubwa ni mkono mrefu," fundi akasema. "Ukishika jembe mwisho wa mpini unajua linavyokuwa zito." Tairi jipya lilikuwa kubwa kwa asilimia tisa, kwa hiyo nguvu ya kusukuma ardhi ilikuwa imepungua kwa kiasi kinachokaribia hicho. Gari letu na shehena lilikuwa na tani tatu hivi. Asilimia tisa ya tani tatu ni kilo 270: karibu magunia matatu ya viazi ambayo hakuna aliyeyapakia. Mdogo wangu alikuwa amesema neno sahihi kabisa. Gari lilikuwa zito.

Kushuka nako ni hivyohivyo kwa upande wa pili. Injini inayoshindwa kulisukuma gurudumu kubwa hushindwa pia kulizuia, na kazi yote huiangukia breki. Nayo breki, ambayo haikuongezwa ukubwa, inashindana na mkono uleule mrefu.

Nilibaki na swali moja, na niliogopa kuliuliza. "Na mita ya kilometa?"

Fundi alicheka. "Mita haijui tairi. Mita inahesabu propela." Kwa kila mzunguko wa propela gari sasa lilikuwa linakwenda mbali zaidi kuliko mita ilivyofundishwa kiwandani. Nikafungua daftari pale pale gereji. Kilometa 420, gawanya kwa 879, zidisha kwa 806. Mwalimu wa hesabu kwa miaka zaidi ya thelathini, nilirudia mara tatu nikitumaini nimekosea. Jibu lilikuwa 385.

Hakuna lita iliyopotea. Zilipotea kilometa, tena zilipotea katika mita tu. Ardhi ilikuwa imezisafiri zote 420. Na dumu lilikuwa la kuoshea spana.

Hapo ndipo ilipokuja habari ya kuchagua. Msomaji mwenye gari la namna hii anaweza kufaidika na hesabu tuliyoifanya, kwa maana ni nyepesi. Chukua uwiano wa difu ulio nao, zidisha kwa kimo cha tairi jipya, gawanya kwa kimo cha tairi la zamani. Kwetu ilikuwa 4.11 mara 879 gawanya kwa 806, yaani 4.48. Huo ndio uwiano ambao ungelirudisha gari lilivyokuwa. Lakini meno hayakatwi kwa matakwa ya mtu. Difu huuzwa kwa seti zilizopo. Kuna ya meno 43 kwa 10, ambayo ni 4.30; kuna ya 41 kwa 9, ambayo ni 4.56, nayo ndiyo ingetufaa lakini kwa ekseli za gari letu hatukuipata. Na kuna ya 39 kwa 8, ambayo ni 4.88.

Mwuzaji wa vipuri alinishauri 4.30, tena difu ya nyuma peke yake, kwa nusu ya gharama. Ya mbele ningefanya baadaye nikipata. Fundi aliposikia akaweka spana chini. Alisema gari la magurudumu manne lenye difu mbili zisizolingana ni kama ng'ombe wawili wa plau waliofungwa nira moja, mmoja akitembea na mwingine akikimbia. Siku utakapotia magurudumu yote kwenye tope, propela ya mbele na ya nyuma zitavutana, na kilicho dhaifu kitavunjika. Difu hubadilishwa zote mbili kwa uwiano mmoja, au haziguswi. Akaongeza kwamba kama fedha hazitoshi, dawa ya bei rahisi kuliko zote iko palepale kwenye tairi la akiba: niyauze makubwa, nirudishe ya zamani. Alisema hivyo bila dharau, nami naliandika hapa kwa sababu ndilo shauri ambalo wengi wetu tungepaswa kulisikia kwanza.

Nililifikiria kweli. Lakini tope la Matamba halikuwa limeondoka, na zile sentimeta tatu na nusu, pamoja na udogo wake, zilikuwa zimetuvusha mahali pabaya mara kadhaa. Basi ikabaki kuchagua kati ya 4.30 na 4.88. Kwa kwanza gari lingebaki pungufu kwa asilimia nne hivi. Kwa pili lingezidi kwa karibu asilimia tisa nguvu lililokuwa nazo siku nililolinunua, lakini kwenye lami injini ingelia zaidi. Fundi alinipigia hesabu kwa gia ya nne, kilometa 80 kwa saa: zamani injini ilizunguka kama mara 2,160 kwa dakika, kwa matairi makubwa na difu ya zamani ilishuka hadi 1,985, kwa 4.30 ingekuwa 2,075, kwa 4.88 ingepanda hadi 2,350. Anayekwenda Dar es Salaam kila wiki akiwa mtupu angechagua ndogo. Anayepanda milima na mzigo angechagua kubwa, hasa kwa kuwa penye meta 2,000 hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya tano kuliko pwani, na injini ya zamani isiyo na kifaa cha kuisukumia hewa hupungukiwa nguvu kwa kiasi hicho. Kasoro ya 4.88, alisema, ni kwamba pinioni yenye meno 8 ni nyembamba kuliko yenye meno 9, na haipendi dereva wa pupa.

"Swali si gari," fundi akamaliza. "Swali ni nani analiendesha na anakwenda wapi. Mwulize dereva wako."

Dereva wangu alikuwa Mbarali.

Nilimkuta jioni, akiosha trekta penye mfereji. Aliniamkia, "Shikamoo, kaka," kama vile tumeachana jana. Nilikuwa nimejiandalia hotuba njiani, lakini mdomo ulikauka. Nikafungua daftari, nikamwonyesha hesabu. Aliitazama kwa muda, akaufuata ule mgawanyo kwa kidole chenye grisi, alama yake ipo mpaka leo kwenye ukurasa ule. Nikamwambia, "Nimekosa. Nilikuita mwizi kwa kosa nililolinunua mwenyewe." Hakujibu upesi. Baadaye alisema kwamba si lita tano zilizomuuma. Kilichomuuma ni kuwa nilimwamini mwuzaji wa matairi kwa neno moja, na yeye aliyezaliwa na mama yangu sikumwamini kwa maneno matatu.

Sikuwa na la kujitetea, na sikujitetea. Nilimrudishia mshahara wa miezi miwili. Kisha nikamwuliza lile ambalo ningepaswa kumwuliza tangu wiki ya kwanza: yeye anataka gari liweje. Hakutaja kupanda. Alisema, "Nataka likishuka lijishike lenyewe."

Tukachukua 4.88, mbele na nyuma.

Kazi ilichukua siku nne, na alisimama kando ya fundi muda wote. Mimi nilidhani meno yanapachikwa tu. Kumbe pinioni huwekewa vipande vyembamba vya chuma mpaka ikae kina kinachotakiwa. Meno hupakwa rangi na kuzungushwa ili alama ionyeshe yanapogusana, ikiwa katikati ya jino au ukingoni. Na kati ya jino na jino huachwa nafasi ndogo, kama unene wa karatasi mbili. Ikibana mno meno huungua, ikilegea mno hugongana. Alibadili pia vitambaa vya breki, akarekebisha bolti zinazozuia usukani ili matairi yasiguse springi. Kwa sababu hiyo gari sasa hukata kona kwa upana zaidi, na mahali pawili patatu pale mlimani ni lazima lirudi nyuma. Difu haikurudisha kila kitu. Breki nazo zilibaki za ukubwa uleule, na fundi alitukataza kabisa lumbesa: magunia nane, yaliyofungwa kawaida, basi. Kilometa 800 za kwanza tuliziendesha taratibu bila mzigo mzito, kisha tukamwaga oili ya difu na kutia mpya.

Siku ya kwanza ya kushuka na viazi nilikuwa kwenye kiti cha abiria. Kona ya kwanza ya juu mdogo wangu alitia gia ya pili, akatoa mguu kwenye breki, akauweka sakafuni ili nione. Gari lilijishika. Lilishuka likiunguruma taratibu, kama mzee anayeteremka ngazi akijua kila kipande, na breki aliigusa penye kona tu. Hatukusema neno mpaka Chimala.

Tangu hapo nimekuwa nikifikiri kwamba ukuaji wote una deni lake, na deni hilo halimwendei mara zote yule aliyekua. Niliongeza magurudumu, aliyelipa wa kwanza ilikuwa injini, kisha klachi, kisha breki, na mwisho mdogo wangu. Mimi niliyefurahia kutazamwa sokoni nililipa baada ya wote. Nimeona jambo hilohilo penginepo: shule inaongeza wanafunzi bila kuongeza walimu, kisha inamkaripia mwalimu kwa matokeo, baba anaongeza shamba, kisha analalamika kwamba mke amekuwa mvivu. Anayesema "mzigo umekuwa mzito" mara nyingi huwa anatoa taarifa, lakini sisi husikia malalamiko.

Imebaki habari ya mita. Difu ile mpya ilipoingia, propela ilianza kuzunguka mara nyingi zaidi kuliko hata zamani, na mita ikageuka. Wiki ya kwanza ya kazi, kwa lita zilezile 60, ilisoma kilometa 456. Kwa hesabu ya daftari langu la zamani, mdogo wangu alikuwa ananiongezea dizeli zaidi ya lita tano kila wiki kutoka mfukoni mwake. Tulicheka sana, na mke wangu akasema tumpe nishani. Nikaandika katika jalada la ndani la daftari kwamba kila kinachosomwa na mita kizidishwe kwa 0.92 kwanza, ndipo kiandikwe.

Nilipofunga daftari nilimwuliza kama lile dumu bado liko nyuma ya kiti. Alisema liko, ila dizeli ya kuoshea spana imekwisha. Nikaenda nikalijaza mwenyewe.